Kumtua Mama Ndoo Kichwani Huanzia Kwenye Maamuzi: Usawa wa Kijinsia katika Miradi ya Maji

Na Mwandishi Wetu

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji huwa na uzito wa kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha huduma kwa mwananchi wa kijijini kuwa lita 25 za maji safi na salama kwa mtu mmoja kwa siku, kutoka katika kituo kisichozidi mita 400 kutoka kaya iliyo mbali zaidi, na kila kituo kihudumie watu 250. Kwa kaya ya watu watano, kipimo hicho ni lita 125, yaani ndoo sita na ziada kila siku.

Hata pale kituo kilipo ndani ya mita 400, mchotaji mmoja anayebeba ndoo moja kwa kila safari hutembea karibu kilomita 5 kwa siku, nusu ya mwendo huo akiwa na mzigo kichwani. Kituo kikiwa umbali wa kilomita 2, ndoo hizohizo sita zinadai mwendo wa kilomita 24. Hakuna awezaye kuumudu mwendo huo kila siku na bado akabaki na nguvu za kulima, kusoma au kufanya biashara. Kinachotokea ni kwamba kaya hupunguza maji yenyewe: kunawa mikono hukoma kwanza, kufua husubiri, na usafi wa watoto hupungua. Umbali hugeuka kuwa maradhi.

Mchotaji huyo mara nyingi ni mwanamke au msichana. Taarifa ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF iliyotolewa Julai 2023 ilionesha kuwa watu bilioni 1.8 duniani wanaishi katika kaya zisizo na maji nyumbani, na kwamba katika kaya 7 kati ya 10 za aina hiyo, jukumu la kuchota maji liko mikononi mwa wanawake na wasichana. Ndiyo maana nchini Tanzania azma ya kusogeza huduma ya maji imepata jina ambalo kila mwananchi analielewa: kumtua mama ndoo kichwani.

Hata hivyo, ndoo inaweza kutuliwa leo na kurudi kichwani kesho. Bomba likikauka, pampu ikiharibika au fedha za matengenezo zikipotea, anayerudi mtoni ni yuleyule. Makala haya yanaeleza kwa nini usawa wa kijinsia ni sharti la uendelevu wa mradi wa maji, namna unavyojumuishwa katika kila hatua ya mradi, na nafasi ya mwananchi katika kuusimamia.

Maana ya kujumuisha jinsia

Jinsi ni tofauti ya kimaumbile kati ya mwanamke na mwanamume. Jinsia ni majukumu, fursa na mamlaka ambayo jamii humpa kila mmoja wao kwa mujibu wa desturi. Kuzaa ni suala la jinsi. Kuchota maji ni suala la jinsia, kwa kuwa hakuna kiungo cha mwili kinachomfanya mwanamume ashindwe kubeba ndoo. Tofauti hii ni muhimu kwa mpangaji wa mradi, kwa sababu kilichowekwa na jamii kinaweza kurekebishwa na jamii.

Kujumuisha jinsia katika mradi wa maji ni kuuliza, kabla ya uamuzi wowote, maswali manne: nani anafanya kazi gani, nani anamiliki nini, nani anaamua, na nani ananufaika au kupata hasara. Majibu hupatikana kwa wanawake na wanaume wote, wakiwemo vijana, wazee, watu wenye ulemavu na kaya zinazoongozwa na wajane. Dhana hii haimtengi mwanamume. Inamtambua kuwa ni mtumia maji, mlipaji, mfugaji, fundi na mzazi mwenye wajibu sawa wa ustawi wa kaya.

Msingi wa sera na sheria

Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji ndani ya mita 400 kwa kila mwananchi wa kijijini ifikapo mwaka 1991. Mwaka huo ulifika kabla lengo halijatimia, na miradi mingi iliyokuwa imejengwa haikuwa ikifanya kazi. Funzo lililopatikana ni kwamba mradi unaojengwa bila wenyewe kushirikishwa hukosa mlinzi. Sera ya Maji ya mwaka 1991, na baadaye ile ya mwaka 2002, ziliweka mkazo katika ushiriki wa jamii, uchangiaji wa gharama na umiliki wa miradi na watumiaji wenyewe.

Katika kipindi hichohicho, mtazamo wa dunia ulikuwa ukibadilika. Mkutano wa kimataifa wa maji na mazingira uliofanyika Dublin, Januari 1992, ulitoa kanuni nne za usimamizi wa maji. Ya tatu ilitambua kuwa mwanamke ana nafasi ya msingi katika upatikanaji, usimamizi na ulinzi wa maji. Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 yameliendeleza jambo hilo. Lengo la 6 linahusu maji na usafi wa mazingira kwa wote ifikapo mwaka 2030, na linataka mahitaji ya wanawake na wasichana yapewe uzito wa pekee katika huduma za usafi. Lengo la 5 linahusu usawa wa kijinsia, ikiwemo kutambua kazi za nyumbani zisizo na malipo na kuhakikisha wanawake wanashiriki kikamilifu katika uongozi.

Kitaifa, Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inakataza ubaguzi, na inataja jinsia miongoni mwa misingi ambayo haipaswi kutumika kumbagua mtu. Sera ya Maendeleo ya Wanawake na Jinsia ya mwaka 2000 iliweka mwongozo wa kujumuisha jinsia katika sekta zote. Tanzania pia ni mwanachama wa Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003 kuhusu haki za wanawake barani Afrika, ambayo Ibara yake ya 15 inazitaka nchi kuwahakikishia wanawake upatikanaji wa maji safi ya kunywa.

Kwa upande wa utekelezaji, Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 ilianzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) na kuweka utaratibu wa Vyombo vya Watoa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii. Vyombo hivi ndivyo vinavyoendesha miradi kila siku: hukusanya mapato, hulipa nishati ya pampu na kutengeneza bomba lililopasuka. Hapo ndipo suala la nani anaamua linapopata uzito wake wote.

Hatua ya usanifu: maswali kabla ya bomba la kwanza

Makosa mengi ya kijinsia katika mradi wa maji huzaliwa kwenye karatasi ya mchoro, na hugharimu zaidi kuyarekebisha baada ya zege kukauka. Mhandisi anajua mahali ambapo maji yatafika kwa mserereko. Mama anayechota kila siku anajua njia ipi hujaa tope wakati wa masika, kichaka kipi wasichana huogopa kukipita jioni, na chanzo kipi hukauka mwezi wa tisa. Elimu zote mbili zinahitajika katika upembuzi yakinifu.

Kituo cha kuchotea maji, ambacho vijiji vingi hukiita gati au kilula, ni mfano mzuri. Jukwaa la kuwekea ndoo likiwa chini mno, mchotaji hulazimika kuinama na kuinua kilo 20 kutoka ardhini hadi kichwani, jambo gumu kwa mjamzito na kwa mzee. Jukwaa la pili lililo kwenye usawa wa kifua humwezesha kujitwisha bila msaada. Koki ngumu humshinda mtoto na mtu mwenye ulemavu wa mikono. Ngazi bila njia ya mteremko humzuia mwenye kiti cha magurudumu. Haya ni mabadiliko madogo katika mchoro, yenye manufaa kila siku kwa miaka yote ya mradi.

Matumizi ya maji nayo hutofautiana kijinsia. Mradi unaopima mahitaji ya kunywa na kupika pekee husahau bustani ya mboga, biashara ya mama lishe na ufyatuaji wa matofali. Husahau pia mifugo, ambayo katika jamii nyingi za wafugaji iko chini ya mamlaka ya wanaume. Pasipojengwa mbauti za kunyweshea mifugo, ng'ombe hufikishwa kwenye gati lilelile, foleni huwa ndefu, miundombinu huvunjwa na ugomvi huanza. Kuwasikiliza wote tangu mwanzo huokoa mradi dhidi ya migogoro hiyo.

Muda na mahali pa mkutano pia ni sehemu ya usanifu. Mkutano unaoitishwa saa ambayo wanawake wako kisimani au jikoni utawapata wanaume pekee, kisha muhtasari utaandika kwamba wananchi wameshirikishwa. Katika maeneo ambayo desturi humfanya mwanamke anyamaze mbele ya wakwe au wazee, vikao vya makundi tofauti hutangulia, na maoni yake hufikishwa katika mkutano wa wote.

Uongozi na mkoba wa fedha

Uzoefu wa sheria nyingine nchini unaonesha kuwa idadi ikiandikwa, nafasi hupatikana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kwa mfano, inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Idadi humfikisha mwanamke kwenye kikao. Mamlaka aliyo nayo ndani ya kikao hutegemea wadhifa aliopewa, taarifa alizosoma na mafunzo aliyopata.

Kwa chombo cha watumia maji, swali la kuuliza ni nani anatia saini ya kutoa fedha, nani anatunza funguo za nyumba ya pampu, na nani anasoma taarifa ya mapato mbele ya wananchi. Kamati yenye wanawake wengi ambao kazi yao ni kufagia eneo la gati na kuandaa chai ya wageni haijajumuisha jinsia. Imehamisha kazi za nyumbani na kuzipeleka ofisini.

Upangaji wa bei ya maji ni uamuzi wa kijinsia pia, ingawa mara chache huonekana hivyo. Malipo yakitolewa kwa ndoo, aghalabu hutoka katika mkoba wa mama, ambaye ndiye anayefika kituoni. Malipo yakiwa ya mwezi kwa kaya, mara nyingi hutegemea fedha zilizo mikononi mwa baba, ambaye huenda hajui adha ya foleni. Mradi unaoweka utaratibu wa malipo bila kuwashirikisha wote wawili hujikuta na wadaiwa wengi na fedha kidogo za kununulia kipuri. Kaya zisizo na uwezo, zikiwemo za wajane na wazee wanaolea wajukuu, zinahitaji utaratibu ulio wazi wa nafuu, uliokubaliwa na mkutano na kuandikwa.

Hapa ndipo usawa na uendelevu hukutana. Pampu ikisimama kwa wiki mbili, hasara kubwa zaidi humwangukia anayechota. Yeye ndiye mwenye sababu nzito kuliko wote ya kutaka fedha zitunzwe na fundi aitwe mapema. Jamii inapompa mamlaka juu ya fedha hizo, inauweka ulinzi wa mradi mikononi mwa mtu asiyeweza kumudu kuuona ukifa.

Ajira, ufundi na mtego wa kujitolea

Mradi wa maji huleta ajira: kuchimba mitaro, kulaza bomba, kulinda chanzo, kuuza maji, kusoma dira, kutunza hesabu na kufanya matengenezo. Kazi zenye ujira zikiwaendea wanaume, na zisizo na ujira zikiachwa kwa wanawake kwa jina la kujitolea, mradi utakuwa umemwongezea mama kazi badala ya kumpunguzia. Saa alizookoa kwa kusogezewa maji zitakuwa zimerudi kwa mlango mwingine.

Mkataba wa mkandarasi unaweza kueleza kuwa vibarua watatoka katika kijiji husika, wanawake kwa wanaume, kwa ujira ulio sawa kwa kazi iliyo sawa. Mafunzo ya ufundi wa pampu na bomba yapaswa kuwa wazi kwa wasichana, na vyuo vya ufundi stadi vinayo nafasi ya kuwaandaa. Fundi anayeishi kijijini, awe mwanamke au mwanamume, hupunguza siku za kusubiri pampu itengenezwe.

Usalama, hedhi salama na utu

Safari ya kutafuta maji alfajiri au usiku humweka mwanamke katika hatari ya kushambuliwa. Foleni ndefu huzaa matusi na ugomvi. Pale maji yanapokuwa adimu, msimamizi wa kituo hupata mamlaka ambayo yanaweza kutumiwa vibaya. Wananchi wanapaswa kujua kuwa kudai upendeleo wa kingono ili kutoa huduma ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na kwamba taarifa hutolewa TAKUKURU au katika Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi.

Shuleni, maji na vyoo huamua kama msichana atahudhuria masomo mwezi mzima au atakosa siku kadhaa. Choo chenye mlango unaofungwa, maji ya kunawa, chumba cha kujistiri na mahali pa kutupia taulo zilizotumika ni mahitaji ya msingi ya hedhi salama. Bomba linalopita kando ya shule au zahanati bila kuunganishwa huacha pengo ambalo halionekani katika hesabu ya kilomita za bomba zilizolazwa. Katika zahanati, mama anayejifungua anahitaji maji saa hiyohiyo, mchana au usiku.

Kupima kinachobadilika

Kinachopimwa ndicho kinachosimamiwa. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, ambao asilimia 51 ni wanawake. Taarifa ya mradi inayosema tu kwamba wananchi fulani wamefikiwa na huduma haielezi maisha ya nusu hiyo ya wananchi yamebadilikaje.

Takwimu za mradi zikichambuliwa kwa jinsi, umri na hali ya ulemavu, huweza kujibu maswali ya maana: safari ya kuchota maji, pamoja na foleni, inachukua dakika ngapi sasa ikilinganishwa na kabla ya mradi, nani anachota, ni siku ngapi katika mwezi huduma ilisimama na iliwachukua muda gani kuirejesha, wanawake wangapi wana wadhifa wenye saini, na nani amelipwa ujira na mradi. Bajeti inayozingatia jinsia nayo hutenga fedha kwa mambo haya tangu mwanzo, ikiwemo mafunzo kwa viongozi wanawake na ufuatiliaji baada ya uzinduzi. Jambo lisilo na kifungu katika bajeti hubaki kuwa nia njema.

Wajibu wa mwananchi

Usimamizi wa mradi wa maji hauishii ofisini. Mwananchi ana haki ya kuhudhuria mkutano wa kijiji na kuuliza. Mradi ukiwa katika maandalizi, aulize nani alihojiwa kuhusu mahali pa kujenga vituo, na kama wenza wote wawili wameridhia pale ardhi ya familia inapotolewa kwa ajili ya tangi au gati. Mradi ukiwa katika ujenzi, aulize nani ameajiriwa na kwa ujira gani. Mradi ukishakabidhiwa, aombe kusomewa mapato na matumizi, aulize akiba ya matengenezo ni kiasi gani, na ahakikishe majina ya viongozi na namba ya fundi vimebandikwa mahali pa wazi.

Ndani ya kaya, wajibu ni mwepesi kuuona na mgumu kuuanza. Baba na kijana wa kiume wanaposhika ndoo, toroli au baiskeli na kwenda kuchota maji, wanapunguza mzigo leo bila kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Mtoto wa kiume anayemwona baba yake akichota maji hujifunza kwamba maji ni shauri la nyumba nzima.

Miundombinu ya maji hujengwa kwa zege, chuma na plastiki, na vyote hivyo huchakaa. Kinachoufanya mradi uishi miaka 20 badala ya miwili ni watu wanaoutunza, fedha zinazosimamiwa kwa uwazi na maamuzi yanayomgusa anayeumia huduma inapokatika. Siku mradi unapozinduliwa, mama hutuliwa ndoo. Ili isirudi kichwani, mama huyo awe na kiti katika kikao, sauti katika bajeti na saini katika hesabu za maji ya kijiji chake.